Soksi za Sufu

Ukumbi wa klabu ya reli, mjini Goya,
umejaa hadi madirishani.
Januari. Hata feni zimechoka,
zinazungusha joto lile lile
kama mtu anayesimulia habari za jana.
Pazia la sinema ni shuka mbili
alizoziunga Zulma wa duka la nyuzi,
na mshono unampasua shujaa uso katikati
kila anapotukaribia.

Shujaa amerudi kutoka vitani.
Anavunja kioo. Anavunja kingine.
Anamkaba mkewe usingizini,
kisha analia chini ya mvua,
mvua nzuri, yenye adabu,
inayonyesha pale tu muziki unapopanda.
Watu wanapenga kamasi.
Mimi namtazama Eleuterio.

Yeye haangalii shuka.
Anaangalia miguu ya mvulana aliyekaa mbele yetu,
mitupu ndani ya ndara.
Mwenyewe kavaa soksi za sufu,
jozi mbili, moja juu ya nyingine,
kama alivyovaa siku ya harusi yetu,
kama atakavyovaa kaburini; ameshaniusia.

Kwetu hakijavunjika kioo hata kimoja.
Ningempata mwenye filamu hii ningemwambia:
njoo nyumbani, bwana, na kamera yako,
utafute vita.
Utamkuta mtu anamenya chungwa
na ganda halikatiki.
Lakini inua mto: mkate.
Fungua kasha la redio iliyokufa: mkate.
Ndani ya buti lisilovaliwa, mkate,
mgumu, umeota ukungu wa kijani,
na ole wake atakayeutupa.
Miaka arobaini nafagia makombo
na sijawahi kuuliza.

Uongo. Niliuliza mara moja, tukiwa wachumba.
Akasema, "Kule visiwani kulikuwa na njaa."
Nikangoja aendelee.

Mengine nimeyaokota msibani,
kwa wenzake, divai ilipowalegeza ndimi.
Kwamba walikuwa na miaka kumi na tisa,
watoto wa huku ambako machungwa huoza chini kwa wingi,
wakapelekwa kwenye theluji na makoti ya vuli.
Kwamba Anselmo aliiba kopo la nyama ghalani.
Kwamba alilazwa chali juu ya matope yaliyoganda,
mikono na miguu kwenye vigingi,
usiku kucha.

Katika filamu, adui ana lugha yake.
Aliyempigilia Anselmo vigingi
aliongea lugha yetu, ya shuleni, iliyonyooka.
Anselmo aliomba kwa Kiguarani,
maana ukibanwa sana hukimbilia kwa mama.
Na Eleuterio alikuwa wapi?
Hapo ndipo wote hunyamaza
na kutazama chini ya meza.
Kuna mtu aliambiwa ashike nyundo.
Sijui. Sitaki kujua.
Nataka.

Shujaa sasa yumo shambani, ngano hadi kiunoni,
mkewe anamkimbilia.
Wanakumbatiana, na eti kidonda kimefunga.
Laiti ningejua duka wanakouza kumbatio la namna hiyo!
Langu nimelitoa kila usiku.
Lilimtuliza mgongo tu.

Taa zinawaka. Kijana wa halmashauri, tai imemkaba,
anawaomba maveterani wasimame tuwapigie makofi.
Wanasimama watatu.
Eleuterio hasimami.
Anainama, anamgusa mvulana begani:
"Huoni baridi miguuni?"
Mvulana anacheka. "Baridi, babu?
Mbona tunaiva humu!"
Eleuterio anatikisa kichwa, polepole,
kama mtu aliyeletewa salamu kutoka mbali
na bado hajaamua kama ni za kweli.

Tunarudi kwa miguu.
Mfuko wa koti lake unagonga nyonga yangu,
una uvuguvugu: chipa, vile vimkate vya muhogo,
amevikwapua mezani wengine wakipiga makofi.
Navihesabu kwa nyonga, hatua kwa hatua.
Vitano.
Sisi nyumbani tuko wawili.